Mkate wa Mgonjwa

Huku kwetu Bwera mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Na usijidanganye kwamba utaokoa uso kwa kubeba muhogo. Muhogo kila mtu anao nyuma ya nyumba. Kumpelekea mgonjwa muhogo ni kumwambia afanye haraka afe, watu wana kazi. Mgonjwa hupelekewa mkate. Mkate mweupe, mrefu, uliokatwa vipande na kufungwa kwenye nailoni, ule ukiubonyeza unabonyea kisha unarudi. Ukionekana nao barabarani hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Wanajua una mtu wako anaumwa, na wanajua unampenda.

Basi Bulandina alipendwa, tena sana. Miaka ile alipoanza kuyumba, meza yake ilijaa mikate mpaka mumewe, Kosiya, akawa anakula sahani ikiwa magotini.

Lakini hebu tumwache kwanza na ugonjwa wake. Si haki mtu kuanzwa kwa ugonjwa, kana kwamba hakuwahi kuwa msichana.

Alizaliwa Kyarumba, huko juu milimani, binti wa tatu wa Yudesi. Kwa Wakonzo, watu wa milima hiyo, binti wa tatu huitwa Kabugho, na mama yake hakuwahi kumwita jina jingine. Bulandina lilikuwa la padri na la shule. Njia za Kyarumba ni za kupanda na kushuka, gari haliwezi, na kahawa yote ya kule huteremka kwa vichwa vya watu. Kabugho alianza kubeba akiwa mdogo. Alishuka na mzigo kichwani bila kuushika, mikono inamenya muwa, mdomo unatafuna na kuimba kwa zamu. Wavulana walikuwa wakimtupia vijiwe miguuni waone kama atajikwaa. Wapi! Wao ndio waliokuwa wakianguka kwa kumwangalia.

Ah, siku zile. Jioni Yudesi alisonga bundu, ule ugali wa unga wa muhogo, sufuria amebana kwa miguu, mwiko mikononi, jasho linamtoka, na maharage yanatokota kwenye jiko la pili. Wote walikula kwenye sinia moja. Mkate waliuona Krismasi tu, pale baba aliporudi kutoka Kasese na mmoja kifuani ndani ya koti usije ukanyeshewa. Kila mtoto alipata kipande kimoja. Kabugho alikuwa akikila akiwa amefumba macho, kidogo kidogo, kuanzia ukingoni, na akimaliza alilamba kiganja. Maisha yake yote aliamini kwamba mbinguni watu hula mkate.

Na wakati wa kutwanga muhogo mkavu ndipo mama yake alipomfundisha majina.

Hili lilikuwa jambo la ukoo wao, upande wa kina mama. Mtu akifa, kabla ya udongo kurudishwa kaburini, mwanamke mmoja husimama na kuwaita wafu wote wa ukoo, jina kwa jina, kuanzia yule aliyefyeka pori la kwanza Kyarumba mpaka aliyezikwa majuzi, kisha mkiani anamweka huyu mpya. Padri mmoja wa zamani aliwatania kwamba ile ndiyo litania ya Wakonzo, akawaachia. Yudesi ndiye aliyekuwa mwitaji. Hakutaka iandikwe. "Karatasi inalowa," alisema. Aliamini kabisa kwamba mtu asiyeitwa hufika kule akasimama mlangoni, hakuna anayemjua, hakuna anayemvutia kigoda.

"Mimi utaniita wewe, Kabugho," alikuwa akimwambia huku mchi unapanda na kushuka. "Uniite vizuri. Usinirukie."

"Siwezi kukuruka, Mama."

"Haya, anza upya. Ulimsahau Ithungu."

Kosiya alimwoa, akamteremsha Bwera. Yeye Kosiya alikuwa na shamba la kukodi Mubuku, kwenye maji ya mfereji, akilima mpunga, na alirudi nyumbani mwisho wa wiki na matope kwenye pindo za suruali. Bulandina aliuza maharage sokoni. Meza ya jirani ilikuwa ya Loyi, mwanamke aliyezaliwa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, akiuza mawese na kucheka kwa sauti ya kufukuza kuku. Hao wawili walielewana toka siku ya kwanza walipogombana. Walipokwisha kulumbana juu ya kivuli cha mwavuli, Loyi alimkatia nusu ya chapati yake. "Kula, mama," akasema. "Mutu haiwezi kugombana na tumbo ya bure."

Siku hizo Bwera ilikuwa inabadilika. Tanuri la mikate likafunguliwa karibu na stendi, na alfajiri harufu yake iliingia mpaka kitandani. Vijana wakapanga makarai ya chapati barabara nzima. Chai bila mkate ikawa aibu. Bundu ikabaki chakula cha wazee, na cha wageni wanaoteremka milimani na viatu mkononi. Bulandina alikula Krismasi kila siku: asubuhi mkate, mchana chapati na maharage, jioni mkate uliobaki. Nani angemlaumu? Mtu aliyelamba kiganja utotoni akipata, anakula.

Ikaja 2013. Kwanza miguu ilianza kufa ganzi, kuanzia vidoleni. Tumbo likawa linajaa na kunguruma bila sababu. Akapungua, gauni la kanisani likamzunguka. Halafu akaanza kuyumba. Mwanamke aliyeteremka Kyarumba na gunia kichwani akaanguka katikati ya soko la Bwera, mahali palipo bapa kama meza, maharage yakamwagika mpaka chini ya mapipa ya Loyi.

Unajua watu. Walisema anakunywa. "Lisemwalo lipo," walisema, wakitikisa vichwa kwa furaha. Kosiya aliposikia alitaka kupigana na soko zima.

Kilichomtisha yeye mwenyewe ni kichwa. Maneno yalianza kumkimbia. Alisimama jikoni ameshika mwiko asijue anaitaje kitu hicho. Mteja wa miaka mingi alimsalimu, naye akajibu kwa adabu huku ndani anatetemeka, maana hakujua ni nani. Alikuwa akimwambia Kosiya, "Baba Phionah, kuna ukungu. Ukungu wa kwetu, ule wa asubuhi, umeingia hapa," na kujigonga kwenye paji la uso.

Walimtibu malaria. Walimtibu taifodi. Walimwombea, wakamfungia mfungo, na shangazi mmoja akamchanja nyuma ya masikio. Na kila aliyekuja kumwona alikuja na mkate. Loyi alifunga meza yake mapema kila siku, akaketi kitandani, akachovya vipande kwenye chai ya maziwa na kumlisha kwa mkono wake. "Mugonjwa anakula kitu laini," alisema. "Fungua mudomo. Moja ya Kosiya. Moja ya Phionah. Moja yangu miye, maskini." Na Bulandina, ambaye chakula kingine hakikumpita kooni, alikula kwa ajili ya Loyi.

Kisha akafa Kosmasi, ndugu yake Yudesi, na maziko yakawa Rukoki. Yudesi alikuwa ameshazeeka mno, sauti imebaki ya kuombea maji, kwa hiyo kuita lilikuwa jukumu la Bulandina. Alikuwa ameshaita mara nyingi. Watu walikuwa wakisifu, wakisema hata wafu wanakaa wima. Akasimama. Akaanza vizuri. Akafika katikati, kwa Mbambu mke wa Thembo, na baada ya Mbambu hapakuwa na kitu. Mdomo ulibaki wazi. Watu wakasubiri, wakatazamana, mtoto mmoja akacheka akafinywa.

Kwenye mkeka sauti ndogo ikaendelea. Ilikuwa ya Yudesi, ameketi, macho chini, akimalizia majina mwenyewe mpaka kwa ndugu yake. Hakuna aliyesikia vizuri isipokuwa waliokaa karibu. Alipomaliza alimwangalia binti yake, wala hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Bulandina alilia njia nzima kurudi Bwera, na alichokililia hakikuwa aibu. Mama yake amebakiza nini hapa duniani? Na siku yake ikifika, nani atamwita?

"Yaandikwe basi majina," Kosiya akasema. "Mimi nitamtafuta mwalimu aandike."

"Niandikishe yapi? Nusu sina. Na Mama amekula kiapo hasemi mbele ya kalamu."

Mwaka uliofuata, masika ilipoanza, Kosiya aliona mke wake anaisha. Mtu kwao, akasema. Kama ni kufa, afie kwao. Akakodi gari mpaka linapoishia, kisha vijana wa kanisa wakambeba kwenye machela kwenda juu kwa Yudesi. Loyi aliwafungia mikate ya kumtosha. Ikaliwa, ikaisha. Kabla ya mingine kupanda, mvua ikashuka kama imetumwa, mto ukala daraja na kipande cha barabara, na Kyarumba ikabaki peke yake na Mungu wake.

Wakala walichokuwa nacho. Bundu, maharage, sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, viazi vikuu, ndizi, mahindi ya kuchoma. Yudesi alikuwa hawezi tena kusonga, akawa anaamuru kutoka kwenye kigoda chake, na jirani akisonga vibaya alimtukana kwa heshima.

Wiki zikapita. Tumbo la Bulandina likanyamaza kwanza. Hakulitilia maanani, maana tumbo likinyamaza nani anashukuru? Halafu usingizi ukawa mtamu. Mwezi ukaisha, mwingine ukaanza. Siku moja jirani alichelewa, Bulandina akajikokota, akabana sufuria kwa miguu, akachukua mwiko. Mwiko! Jina lilikuja lenyewe, hakuhangaika nalo. Akaanza kusonga, na kwa vile mikono ilikuwa na kazi, mdomo ukajitafutia yake. Akaita wa kwanza, wa pili. Akafika kwa Mbambu mke wa Thembo. Na baada ya Mbambu akaja Baluku, akaja Biira wa kisimani, akaja Semu aliyepigwa na radi, wakaja wakifuatana, na bundu inageuka sufuriani.

"Umemsahau Ithungu," Yudesi akasema kutoka pembeni.

Hakuwa amemsahau; alikuwa hajamfikia. Lakini alimtazama mama yake, akaona machozi yanatiririka kwenye mikunjo, na wote wawili wakacheka mpaka bundu ikaungua.

Sasa hapa ndipo binadamu tunapochekesha. Barabara ilipotengenezwa, Kosiya alipanda, akamkuta mkewe anatembea, anaongea, anamkosoa. Akafurahi, akaruka, akashukuru Mungu, kisha akakaa chini kufikiri, na alichofikiri ni hiki: nyumba ya Bwera imerogwa. Si unaona? Huku juu mchawi ameshindwa kupanda. Akateremka mbele, akachoma godoro la zamani, akahamisha mlango kutoka mashariki kwenda kusini, akamwagia kizingiti maji ya baraka. Ndipo akamrudisha mkewe. Na Loyi, kwa furaha ya kumpokea, alikaanga chapati za kulisha kikosi cha jeshi.

Haukupita muda mrefu. Ganzi, tumbo, ukungu. Siku Bulandina alipomwita mumewe kwa jina la shemeji yake marehemu, Kosiya alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mlango wake mpya, akalia kama mtoto.

Ni binti yao, Phionah, aliyeolewa Kasese mjini, aliyewapeleka kwenye kliniki fulani kwa daktari msichana aitwaye Atuhaire. Atuhaire hakukimbilia sindano. Aliuliza maswali mpaka Kosiya akachoka. Alipanda lini? Alipona lini? Kule alikuwa anakula nini? Na huku?

"Musawo," Kosiya akafoka, kwa jina tunalowaitia madaktari, "mke wangu anapoteza akili, wewe unamuuliza habari ya jikoni?"

"Tumbo na kichwa ni majirani, Mzee," Atuhaire akamjibu bila kukasirika. "Moshi wa nyumba moja unaingia nyumba ya pili. Niambie, mkate anakula?"

"Mkate?" Kosiya akashangaa. "Kwani kuna kitu kingine anachokula? Watu wote wanamletea."

Daktari akaweka kalamu chini.

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa Kampala, majibu yakakawia, yakaja. Atuhaire aliwaeleza polepole. Ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, ule mnato unaoufanya unga wa chapati uvutike usikatike. Watu wengi wanaila maisha yao yote, haiwadhuru. Ila wapo wachache ambao mwili ukiiona unaishika kama adui, unapigana nayo tumboni, na katika kupigana unaumiza na visivyohusika. Kwa wengine vita hivyo vinafika mpaka kwenye mishipa ya fahamu na ile sehemu ya ubongo inayosimamisha mtu wima. Ndiyo miguu, ndiyo maneno.

"Kwa hiyo sikurogwa?" Bulandina akauliza.

"Hukurogwa, Mama. Ni ngano. Na shayiri, na ndugu zao. Muhogo, mchele, mahindi, ulezi, kula ushibe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema; hawakusema kinakuja kimefungwa kwenye nailoni, kimebebwa na wanaokupenda. "Basi nirudishe mlango mahali pake," Kosiya akasema, na Phionah ndiye aliyeanza kucheka.

"Atapona kabisa?" Phionah akauliza baadaye.

Atuhaire hakuwadanganya. Mengi yatarudi, alisema, na mengine huenda yasirudi, maana ubongo ukiumizwa muda mrefu hausamehe kila kitu. Kila kipande cha mkate kuanzia leo kitamrudisha nyuma. Hata kidogo. Hata cha heshima.

Hicho cha heshima ndicho kilichokuwa kigumu. Ulaya huko sijui, lakini kwetu ukikataa chakula cha mtu mbele ya macho yake umemwita mchawi. Siku ya kwanza Loyi alifika na mkate wake chini ya kwapa, akautoa, akaanza kukoroga chai. Bulandina akamshika mkono.

"Loyi, siwezi kula. Daktari amesema ndiyo unaoniumiza."

Loyi alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, kijiko kikaacha kuzunguka. "Mukate yangu?"

"Mkate wote. Ngano yote."

"Miaka yote nakulisha na hii mukono," Loyi akasema, na sauti ikapanda mpaka kwa majirani. "Kumbe nilikuwa nakuua? Unasema miye niko mulozi? Sema! Watu wasikie!"

"Loyi, kaa chini—"

"Nikae wapi? Kwa mutu anaogopa mukono yangu?" Akaondoka, mkate akauacha mezani, na sokoni akahamisha meza yake upande wa samaki.

Bulandina alisema baadaye kwamba katika ugonjwa wote ule hakuna siku iliyomuuma kama hiyo. Nafuu ilipoanza kuja, ikamletea maumivu mapya: aliweza sasa kukumbuka kila kitu Loyi alichomfanyia.

Watu nao hawakukosa la kusema. Kanisani padri alikubali awe anapokea divai peke yake, maana hata hostia ni ngano. Wee! Mtu mzima anabaki kwenye benchi wenzake wanapopanga mstari, halafu anaitiwa kikombe chake pembeni? Wakasema amefanya dhambi kubwa. Wengine wakasema amejiunga na dini ya Kampala. Na kuna mwanamume mmoja, muuza mbolea, aliyetangaza kwamba nafaka zote zinaozesha ubongo, akaacha mpaka mahindi, akakonda bure. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mpaka siku moja mchana, mlango uliokuwa umerudishwa mashariki ukasukumwa kwa goti. Alikuwa Loyi, amebeba mfuko wa unga wa muhogo kichwani, amekunja uso.

"Nimetoka nayo Kasindi," akasema bila salamu. "Njia yote watu wanacheka. Ati Loyi anapelekea mugonjwa unga ya muhogo, anataka mugonjwa akufe. Nimewaambia wafunge mudomo." Akautua mfuko kwa kishindo. "Nilienda kwa ule daktari wako. Nimemuuliza miye mwenyewe. Maji iko wapi? Nasonga."

Bulandina alimkumbatia, na unga ukawapaka wote wawili.

Alirudi kupona, polepole, kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika. Miguu haikurudi yote. Alitembea na fimbo, na mzigo kichwani hakubeba tena. Kuna maneno yaliyojificha moja kwa moja, akawa anayazunguka. Lakini kila msimu wa mvua na kila msimu wa jua alipanda Kyarumba, akipumzika kila penye jiwe alilolijua, na kule juu mama yake alimsikiliza. Majina mengine alikuwa nayo leo, kesho hana. Yudesi hakuchoka. "Anza upya," alimwambia, kama zamani, ila sasa hapakuwa na mchi. Walikuwa wawili tu kizingitini, mmoja na meno machache, mwingine na fimbo. Bulandina alikuwa akiteremka akiwa na hofu ileile: je, kichwa kitawahi, au Mama atatangulia?

Yudesi alifariki mwanzoni mwa 2016, wakati wa kiangazi, kahawa imeanikwa mbele ya kila nyumba. Alilala baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Walimzika kesho yake, saa za adhuhuri, nyuma ya nyumba yake, pale mlima unapoanza kuinuka tena. Watu walitoka Bwera, Rukoki, mpaka Kasindi. Loyi alikuwapo, amefunga kitenge kiunoni, amesimama karibu.

Padri alipomaliza, akarudi nyuma. Kosiya akamsaidia mkewe kusimama ukingoni, akampa fimbo, akamwachia.

Bulandina akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ile ya ujana wake, lakini iliteremka bondeni ikasikika. Alimwita aliyefyeka pori la kwanza. Aliwaita wanawe. Akafika kwa Mbambu mke wa Thembo, na wote waliokuwapo Rukoki wakaacha kupumua. Phionah alifumba macho. Baluku, akaita Bulandina. Biira wa kisimani. Semu. Akamwita Ithungu mahali pake. Majina yalifuatana bila kusukumana, na wazee kwenye mkeka wakaanza kuitikia kwa vichwa. Akamwita Kosmasi, aliyekuwa wa mwisho.

Akanyamaza.

Midomo ya Bulandina ilifunguka, ikafungika. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Ugonjwa umerudi, maskini," na mnong'ono ukatembea. Kosiya alipiga hatua akasita. Loyi ndiye aliyeshindwa kuvumilia; akamsogelea, akamshika kiwiko, akamwambia sikioni huku machozi yanamtoka, "Yudesi, mama. Ni Yudesi."

"Najua, Loyi," Bulandina akasema, na kila mtu akasikia. "Sijasahau hata mmoja. Nikishamtaja amekwenda. Niacheni naye kidogo."

Padri akafunga kitabu chake. Vijana wakalaza majembe chini, na watu wote wakangoja.